Masaa Hamsini au Miezi Minne

Nilirudi Kasongo kwa ajili ya matanga ya Patroni Musafiri, tajiri aliyewahi kuniajiri, na ieleweke mapema kwamba sikwenda kulia. Nilikwenda kusikiliza uongo. Mtu mkubwa akifa pale kwetu, uongo hutandikwa pamoja na mikeka, na mimi nilitaka nione safari hii wataweza kuutandika mpaka wapi. Hawakuniangusha. Kwanza alisimama bwana mmoja wa serikali, amefunga koti zito mpaka kifungo cha juu katika joto lile, akasema marehemu ndiye aliyeiletea Kasongo mabawa. Halafu mkwe wa marehemu akasema ndege ya Baba haikuwahi kuanguka hata mara moja. Alisema kwa fahari, na watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Ndege iliyooza chini itaangukia wapi? Kando yangu alikaa yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, Zaina, ametoka Kabambare kwa pikipiki, matope mpaka magotini, na kila palipohitaji amina alikuwa akiitikia amina. Nilimkanyaga mguu. Naye akanikanyaga, tena kwa nguvu kunishinda, akaendelea kuitikia.

Basi acha niuseme mwaka ule mimi, kwa kuwa kati ya wote waliosimama kusema hakuna hata mmoja aliyekuwamo ndani ya nyumba ile. Mimi nilikuwamo. Nilikuwa msichana ambaye hajaolewa, na kazi yangu ilikuwa foni, ile redio ya kuzungumzia na watu wa mbali. Kila asubuhi niliita Kabambare, Wamaza na Bukavu, nikauliza mawingu yako vipi, abiria wako wangapi, pisti, njia ya kurukia ndege, imekauka au imejaa maji. Chumba cha foni zamani kilikuwa stoo ya mawese, na kuta zake zilikuwa bado zinanuka mawese hata baada ya kupakwa chokaa. Kilitengwa na salo, sebule ya nyumba, kwa pazia tu. Halafu Patroni aliona kwamba kati ya mwito na mwito nakaa bure, akaniongezea jiko. Ndiyo maana nilisikia kila kilichosemwa mezani mwaka ule: nusu nikiwa nyuma ya pazia na vidude vya foni masikioni, nusu nikiwa nimesimama na bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, mkononi, nangoja wanaume wamalize kujisifu ili niwapakulie.

Salo yenyewe ilikuwa kabati na watu. Kabati ilikuwa ya vioo, imejaa ukuta mzima, na ndani yake mlikuwa na sahani za maua ambazo hazikuwahi kuonja chakula, maua ya plastiki, na juu kabisa, mahali pa heshima, makopo ya mafuta ya injini yaliyokuja pamoja na ndege. Wageni wakija, Patroni aliwasimamisha mbele ya kabati kabla hata ya kuwapa maji ya kunywa. "Munaona? Hii iko mafuta ya ndege," alisema. "Haiko ya moto, haiko ya kamyo. Ya ndege!" Moto kwetu ni pikipiki, na kamyo ni lori. Makopo aliyafuta vumbi mwenyewe, na ufunguo wa kabati alikuwa anautembeza shingoni. Utajiri wake ulitoka kwenye mawese, na katika mawese sina neno naye. Alijua kuonja kwa ncha ya ulimi akakwambia mafuta yamechemshwa na mwanamke mvivu. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba ulimi ule ulijua na ndege. Ndege ilikuwa ndogo, ya injini moja, imenunuliwa kuukuu, ikachukua wafanyabiashara wa dhahabu kuwapeleka Kabambare na Wamaza. Mwaka ule dhahabu ilipungua, wafanyabiashara wakahamia machimbo mengine, na ndege ikabaki kulala kwenye majani, inaruka mara moja moja.

Mimi ndege ya mtu ilinihusu nini? Ilinihusu kwa sababu ya Zaina. Yaya alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kabambare, na watoto aliowahi kuwabeba tumboni wote walikuwa wamekufa wakati wa kuzaliwa. Mwaka ule akabeba tena. Daktari wa Kasongo akampima, akamwambia wazi: huyu hatazaliwa kwa njia yake, atazaliwa kwa kisu, na usithubutu kungoja uchungu Kabambare. Barabara wakati wa mvua ilikuwa mashimo na mito, na daktari alikataza pikipiki kabisa. Ilibaki ndege. Patroni aliahidi mbele ya watu, kwenye meza ileile, mkono kifuani: "Yaya yako ni mtoto wangu. Juma moja mbele ya kuzaa, ndege itaenda kumukamata." Nilimwomba aende kumchukua mapema, mwezi mzima kabla. Akasema haraka ya nini. Kwa hiyo mimi niliiangalia ndege ile kama mtu anavyoangalia daraja ambalo ndugu yake atapita juu yake, na kila neno lililosemwa juu yake mezani lilikuwa likinichoma.

Wa kuitunza alikuwa Fundi Deo, wa Bukavu, mwenye diploma, na sijapata kuona mtu mwenye haki anayechukiza vile. Alifuta kijiko changu kwa leso kabla ya kula nacho. Alifuta mbele yangu, polepole, ili nione. Sisi wote alituita watu wa pori, na samaki wa Nyangwe waliowashinda wengine kwa utamu aliwapekua kwa uma kama anatafuta ugonjwa. Siku moja kwenye wali, Patroni alimwuliza mafuta ya injini yabadilishwe lini, kwa sababu mgeni mmoja alikuwa ameuliza na yeye alikuwa ameshindwa kujibu. Deo akaweka uma chini. Akaeleza kwa sauti ya kuwafundisha watoto wa kwanza ya msingi; kubadilisha mafuta yeye alikuita vidanje, na injini motere.

"Vidanje ya hii motere iko namna hii. Masaa hamsini ya kuruka ao miezi mine. Chenye kitatangulia."

"Masaa hamsini," alisema Patroni.

"Ao miezi mine. Chenye kitatangulia."

"Nimesikia. Masaa ndiyo imetangulia. Weye mwenyewe umeanza kutaja masaa, miezi umetaja nyuma."

Nilidhani anatania. Deo naye alidhani hivyo, akacheka kidogo puani. Lakini Patroni hakuwa anatania hata chembe. Kichwani mwake, kutangulia kulikuwa ni kutajwa kwanza, kama watu wanavyotajwa kwenye sherehe: mkubwa mbele, mdogo nyuma, na mdogo anaweza hata kusahauliwa. Deo angeweza kumweleza vizuri. Angeweza kusema, Patroni, ni mashindano, masaa na miezi vinakimbizana, kimoja kikifika tunabadilisha. Mimi niliweza kulisema hilo kichwani mwangu nikiwa na bakuli mkononi. Deo aligeukia rubani wa ndege, aliyekuwa anakula nasi, akasema neno la Kifaransa ambalo hata asiyejua Kifaransa alijua ni tusi, akaendelea kupekua samaki. Tangu siku ile Patroni hakukubali tena kufundishwa. Mwenye diploma alikuwa amecheka na mwenye ndege alikuwa ameonewa, na basi, mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Rubani, Alain, alikuwa mtu wa kupendeza, na hilo ndilo baya zaidi ninaloweza kusema juu yake. Kwa Patroni alisema Patroni ana haki. Kwa Deo, kwenye veranda, alisema Deo ana haki. Kwangu jikoni alisema chumvi imetosha, hata siku niliyosahau kutia chumvi. Miezi minne ilipokwisha Deo alikuja mezani akasema wakati umefika. Patroni akauliza ndege imeruka masaa mangapi. Deo akasema hayafiki hata thelathini. "Sasa unabadilisha nini?" akasema Patroni. "Mafuta ingali njano. Mutu anatupa sombe yenye hajaila?" Watu wakacheka. Alain naye akacheka, huku anamtazama Deo kwa macho ya kumwomba radhi. Deo akasema mafuta yanayolala ndani ya injini yanakusanya maji, maji yanafanya kutu, na kutu hailali. Akasema kwa ukali, mate yakamtoka, na hakuna aliyemsikiliza, maana kila mtu alikuwa anangoja kuona atafuta kijiko tena au la.

Halafu kulikuwa na upuuzi wa Ijumaa. Baada ya swala, Patroni aliwapeleka wageni pistini, wazee wenye kanzu safi na vijana wenye miwani ya jua, akamwambia Alain awashe injini. Ilinguruma kidogo, majani yakalala, wazee wakashika kofia zao, Patroni akainua mkono kama anayesimamisha mvua, injini ikazimwa. Jambo hilo Patroni aliliita kuipasha. Mawese yakiganda huyapasha kidogo motoni, yanalegea, yanakuwa mapya; yeye aliona injini ni mtungi. Deo alikuwa akipiga kelele kwamba heri iachwe ilale kabisa, maana moto wa dakika chache unatoa jasho ndani ya chuma na haukai muda wa kulikausha, ni ndege kuruka angani muda mrefu ndiko kunakoyachemsha maji yakatoka. Patroni akamjibu mbele ya wageni: "Deo, weye uko na wivu juu watu wanapiga miye makofi."

Mwisho wao ulikuwa uani, mchana kweupe. Deo alichukua hatua bila ruhusa: akayatoa mafuta yote ya injini kwenye beseni, akalibeba mpaka nyumbani, akaliweka mbele ya mlango wa salo. Juu mafuta yalikuwa na rangi ya chai, lakini alipolitikisa, chini mliinuka utando mweupe kama maziwa yaliyoharibika. "Ile ni maji," akasema. "Fungua kabati." Patroni akashika ufunguo wake shingoni. Kwanza alisema gavana anatarajiwa kuja, na kabati haiwezi kukaa na mapengo kama mdomo wa mzee. Nayasema maneno yake kama alivyoyasema. Halafu akainama, akachovya kidole kwenye beseni, akasugua, akanusa, na uso wake ukang'aa. Maji ndani ya mafuta! Kumbe tatizo lenyewe ni hilo tu! Kuna mtu Kasongo nzima anayejua kutoa maji kwenye mafuta kumshinda yeye? Akaniambia niwashe moto wa mafiga.

Nilikataa. Nilisema: "Patroni, yaya yangu ndiye atapanda hii ndege."

"Na itamuleta. Mwavita, siku hizi foni inafundisha na mekanike?"

Akauwasha moto mwenyewe. Akayachemsha mafuta ya ndege polepole katika sufuria kubwa, amekunja suruali, anakoroga kwa mwiko mrefu, anaondoa povu, anawaeleza majirani waliokuja kutazama kwamba siri ni kutoharakisha. Harufu yake ilikaa kwenye kanga zangu muda mrefu. Yalipopoa akayachuja kwa kitambaa cha kitenge, mara ya kwanza na ya pili, kama mtu anayetengeneza mawese ya harusi. Yalitoka safi kweli, ya kung'aa, na yeye akayainua kwenye chupa dhidi ya jua, akamwuliza Deo: "Sasa maji iko wapi?" Deo akaenda kufunga sanduku lake. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikamwambia Fundi, unajua ndege hii inamngoja nani. Akasema: "Mwambie patroni wako. Mutakuja kuniita." Akaondoka na ndege ya watu wengine kurudi Bukavu, ameshika diploma yake ndani ya mfuko wa plastiki. Nimemdharau Patroni maisha yangu yote kwa ujinga wake, lakini ujinga una mwisho. Yule aliyejua akaenda zake kwa sababu ya hasira, huyo nimekosa kipimo chake. Alain akayatia mafuta yale kwenye injini. Alisema huenda yatafaa.

Asubuhi moja ya mvua, kabla sijaanza hata kuita, Kabambare ndiyo ilianza kuniita mimi. Alikuwa muuguzi wa pale, mwanamke ninayemjua sauti tu.

"Mwavita, unanisikia? Mutoto ametangulia. Uchungu umeanza tangu alfajiri. Muje mbio."

Siku ya safari ya Zaina ilikuwa bado. Nilikimbia salo, wanaume walikuwa wanakunywa chai, na nitampa Patroni haki yake: aliinuka bila kumaliza kikombe, tukaenda pistini sote chini ya mvua. Alain akaiwasha. Ikawaka. Ikaenda mpaka mwisho wa pisti, ikageuka, na alipoikaza moto ili ikimbie, ukatoka mlio kama wa mtu anayetafuna mawe. Ikanyamaza. Upepeo wa mbele ukasimama ghafula, umeinama. Alain akashuka, akavua kofia yake, akasimama na mvua inamnyeshea kichwani, akasema motere imejikamata, imekwisha. Baadaye fundi mwingine aliifungua akakuta kutu ndani, na nyuzi za kitenge zimeziba mahali mafuta yanapopita. Siku ile hatukujua hilo. Patroni alisogea, akaweka kiganja kwenye chuma, akasema: "Muipashe kidogo."

Nilirudi kwenye foni peke yangu. Muuguzi alikuwa amemsogezea Zaina kidude cha kusemea, nikasikia pumzi zake kwanza.

"Mwavita. Ndege imeruka?"

"Haikuruka, yaya. Haitakuja."

Akasema, "Basi," kama vile alivyokuwa akisema darasani watoto wanapomaliza kusoma.

Walimbeba kwa machela, wanaume wakipokezana, mpaka mahali ambapo pikipiki iliweza kupita, na kutoka hapo wakamfunga katikati ya watu wawili wakamleta. Alifika hospitali ya Kasongo kesho yake. Mtoto alikuwa wa kiume, amekwisha kufa. Daktari alimwokoa Zaina kwa kumtoa kizazi. Mimi nilikaa naye mpaka alipoweza kusimama, na Patroni alileta kuku na maneno ya Mungu, akaketi pembeni ya kitanda, akasema ndege imepata bahati mbaya. Sikurudi kwake tena, wala kwa kuaga. Yaya alirudi Kabambare akafundisha watoto wa watu mpaka alipostaafu. Ndege ilibaki mwisho wa pisti, mbuzi wakajificha mvua chini ya bawa lake, na Patroni aliendelea kusema "ndege yangu" mpaka kifo, na watu waliendelea kumwitikia.

Hayo ndiyo mabawa yaliyosifiwa matangani. Maneno yalipokwisha tukaitwa ndani kula, sisi wanawake salo, wanaume verandani. Deo alikuwapo. Amezeeka, mgongo umepinda, na nilipompita na sinia alikuwa anafuta kijiko kwa leso. Akanitambua. "Nilisema, Mwavita," akaniambia, bila hata salamu. "Miye nilisema." Nikamwambia, ndiyo, ulisema ukaenda. Akatazama wali wake.

Zaina hakuwa amewahi kuingia salo ile kabla ya siku hiyo. Wakati ule alikuwa akiishia kwenye mlango wa jikoni akija kunitembelea. Alikula kidogo, halafu nikaona ametulia anatazama juu ya kabati. Makopo yalikuwa palepale, yamefutwa vumbi, hakuna pengo.

"Ile ya juu ni nini?" akaniuliza.

"Mafuta ya ndege."

"Ya ile ndege?"

"Ya ile ndege."

"Siku ile ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa hapahapa, yaya."

Zaina alimaliza wali wake wote, akanawa, akamfuata mjane, akamsalimia kwa magoti kama inavyotakiwa, akamwomba kopo moja. Mjane akatoa ufunguo. "Kamata, yaya, kamata hata yote," akasema. "Marehemu alikataza tusiiguse, lakini sasa ni nani atatuuliza?" Zaina akachukua moja, akatoka nalo mpaka nje kwenye jua, pale Juma, dereva wa pikipiki aliyemleta, alipokuwa anafunga mizigo ya kurudi Kabambare.

"Juma, fanya vidanje. Tia hii."

Juma akainama, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakipangusa kwa kidole, akamwonyesha. "Mama, yenye iko ndani ingali muzuri. Angalia, haijakuwa nyeusi. Kilometa yenyewe haijatimia."

Verandani Deo alikuwa amesimama na kijiko mkononi. "Ile haiko ya moto!" akapiga kelele. "Ile iko ya ndege!" Alikuwa na haki, kama kawaida yake. Zaina hakugeuza hata shingo. Alikunja kitenge chake, akaketi juu ya jiwe karibu na gurudumu, kopo mapajani.

"Nimesikia kilometa," akamwambia Juma. "Mwaga ile ya ndani."